Mfadhili Akifilisika, Roboti Inakwenda Wapi?

Najua nimepotea karibu wiki tatu. Test zilikuwa mfululizo, boom nalo likachelewa kama kawaida yake, basi mtu unakosa hata hamu ya kuandika. Leo nimerudi, na nimerudi na historia. Msikimbie! Siyo historia ya kukariri tarehe ili uzimwage kwenye karatasi ya mtihani halafu uzisahau mlangoni. Hii inatuhusu, tena inatuhusu wiki hii hii.

Mnaofuatilia klabu yetu ya roboti mnajua kuna ubishi. Jumamosi tunapiga kura. Kundi la kwanza linataka tutafute kampuni moja kubwa itubebe mzima mzima: vyuma, mota, fulana, nauli, mpaka maji ya kunywa siku ya mashindano. Kundi la pili linataka tuzunguke kwa wenye viwanda vidogo na mafundi, Gerezani, Vingunguti kwenye eneo la SIDO, tuombe hiki hapa na kile pale. Kundi la kwanza lina hoja moja wanayoirudia kila kikao: "Huko Marekani mashindano ya roboti yalipoanzia, timu zote zinabebwa na makampuni makubwa. Ndiyo maana wameendelea."

Mimi nikasema sawa, hebu tuangalie hao wa Marekani yaliwakuta nini. Nimesoma usiku kadhaa, na naona kisa chenyewe ni kizuri kuliko hoja.

Tuanze mwanzo. Miaka ya 1970, pale MIT, kulikuwa na mwalimu mmoja wa uhandisi wa mitambo, Woodie Flowers. Alikuwa anafundisha somo la usanifu lililojulikana kwa namba tu, 2.70. Badala ya kuwajazia wanafunzi maswali ya ubaoni, aliwagawia kila mmoja mfuko wa vikorokoro, vipande vya vitu vya kila aina, akawaambia: tengeneza kifaa, kisha kije kishindane na cha mwenzako. Siku ya shindano ukumbi ulikuwa unajaa na watu wanashangilia kama wako kwenye mechi ya watani wa jadi. Fikiria mwenyewe, watu wanashangilia kazi ya darasani! Hapa kwetu ukimaliza mradi wa mwaka wa tatu anayeshangilia ni mama yako tu, na yeye anashangilia kwa sababu umemaliza.

Mtu wa pili ni Dean Kamen, mvumbuzi wa kule New Hampshire. Huyu alikuwa ameshapata jina na fedha kwa kutengeneza vifaa vya hospitali, kikiwemo kipampu kidogo cha kumwingizia mgonjwa dawa taratibu huku amekivaa. (Wengi mnamjua kwa kile kikigari cha kusimama chenye magurudumu mawili, Segway, alichokionyesha mwaka 2001.) Kilichokuwa kinamkera Kamen ni kwamba vijana wa Marekani walikuwa wanawajua kwa majina wacheza kikapu na waigizaji wote, lakini hawamjui mhandisi hata mmoja. Mwaka 1989 akaanzisha shirika linaloitwa FIRST, na Flowers akamsaidia kubuni mashindano yake. Shindano la kwanza lilifanyika mwaka 1992 ndani ya ukumbi wa michezo wa shule moja ya sekondari mjini Manchester, New Hampshire. Timu zilikuwa 28.

Sasa hapa ndipo pa kusoma vizuri, kwa sababu ndipo hoja ya kundi la kwanza ilipozaliwa. Kamen hakutaka shule peke yake. Alitaka kila timu iwe ndoa ya shule na wahandisi wenye kazi zao, na wahandisi hao wengi walitoka viwandani. Ndiyo maana hata majina rasmi ya timu yalikuwa yanaandikwa hivyo: jina la kampuni kwanza, halafu jina la shule. Mwanafunzi alikuwa anapata wiki sita tangu mchezo wa mwaka huo utangazwe mpaka roboti ifungwe. Wiki sita kutengeneza mashine ambayo mnaruhusiwa ifike kilo hamsini na kitu! Kwa mwanafunzi wa sekondari asiye na mashine ya kukereza wala mtu wa kumfundisha, hiyo ni ndoto ya mchana. Kwa hiyo kiwanda kilicho jirani hakikuwa pambo. Bila hicho hakuna roboti.

Chukua mji wa Kokomo, Indiana. Ni mji mdogo, lakini mwaka 1894 mtu anayeitwa Elwood Haynes alijaribisha gari lake huko, moja ya magari ya kwanza kabisa Marekani, na tangu hapo mji ukawa wa magari. Karne moja baadaye mwajiri mkubwa pale alikuwa Delco Electronics, tawi la General Motors lililokuwa linatengeneza redio na vifaa vya umeme vya magari. Mwaka 1992 wahandisi wa Delco na wanafunzi wa sekondari ya Kokomo wakaingia pamoja kwenye lile shindano la kwanza. Timu yao inaitwa TechnoKats.

Au chukua Pontiac, Michigan, mji ambao hata jina lake lilibandikwa kwenye magari ya GM. Pale shule ya Pontiac Central iliungana na Delphi, kampuni ya vipuri ya GM, wakaunda timu iliyoitwa Chief Delphi. Mwaka 1997 timu hiyo ilipata tuzo ya juu kabisa ya FIRST, ambayo haitolewi kwa roboti iliyoshinda uwanjani bali kwa timu ambayo wengine wanapaswa kuiga.

Viwanda vilikuwa vinatoa nini hasa? Watu wakisikia "ufadhili" wanafikiria hundi kubwa ile ya kupigia picha. Fedha zilikuwepo, ndiyo, maana ada ya kuingia mashindanoni peke yake ni maelfu ya dola. Lakini ukisoma kwa makini unaona vitu vitatu vilivyokuwa na thamani kuliko hundi.

Kwanza, mashine. Mwanafunzi anachora kipande, jioni kinakatwa kiwandani, keshokutwa kinarudi. Pili, masalia. Kiwanda cha magari hakikosi vipande vya alumini na vipuri. Hata boksi la vifaa ambalo kila timu ilikuwa inapewa mwanzoni mwa msimu lilikuwa na harufu ya viwandani: kulikuwa na mota za kupandishia vioo vya gari, mota za drili za mkononi, na mota za vile vigari vya kuchezea vya watoto vya Fisher-Price. Yaani vitu ambavyo tayari vinatengenezwa kwa mamilioni, vikageuzwa kuwa misuli ya roboti. Tatu, na hili ndilo kubwa, jioni za wahandisi. Mtu ametoka kazini saa kumi na moja, badala ya kwenda nyumbani anakuja kukaa na watoto wa shule mpaka saa tatu usiku akiwaeleza kwa nini gia ile inakwaruza. Hicho hakiandikwi kwenye hundi yoyote.

Lakini usidhani kila kitu kilikuwa asali. Tangu zamani kumekuwa na malalamiko kwamba kuna timu ambazo roboti inatengenezwa na wahandisi, wanafunzi wanabaki kushika tochi. Ubishi huo haujaisha mpaka leo. Wapo wanaosema mwanafunzi hata akiangalia tu anajifunza, kama mgonjwa wa mpira anavyojifunza kwa kumwangalia fundi wa mpira. Wapo wanaosema upuuzi, mwanafunzi asiposhika msumeno hajafanya kitu. Mimi niko na hao wa pili, ila nakiri hao wa kwanza wana kachembe ka ukweli: ukiwa hujawahi kuona kazi nzuri, hujui hata unalenga nini.

Haya, tusogee. Mambo yalikwenda vizuri miaka ya tisini yote. Makampuni ya magari yalikuwa na fedha, na Michigan ikawa kama kijiji cha roboti. Halafu hesabu zikaanza kukataa.

Mwaka 1999 GM iliitenga Delphi ikawa kampuni inayojitegemea, na ile Delco ya Kokomo ikiwa ndani yake. Oktoba 2005 Delphi ikaenda mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake. Kwa lugha ya kitaa: ilifilisika. Miaka minne baadaye ikawa zamu ya wakubwa wenyewe. Chrysler waliingia mahakamani tarehe 30 Aprili 2009. General Motors, kampuni ambayo kwa miongo mingi ilikuwa kubwa kuliko zote za magari duniani, ikafuata tarehe 1 Juni 2009. Mwezi Aprili mwaka huo huo GM walikuwa wameshatangaza kwamba hawatatengeneza tena magari yenye jina la Pontiac. Ukosefu wa ajira Michigan ulizidi asilimia 13.

Sasa soma hili taratibu. Kulikuwa na timu namba 67, inaitwa HOT, ya Milford, Michigan, iliyolelewa na wahandisi wa uwanja wa majaribio ya magari wa GM ulioko hapo hapo Milford. Aprili 2009, kwenye fainali kubwa mjini Atlanta, timu hiyo ikishirikiana na timu mbili nyingine, namba 111 na namba 971, ikawa bingwa. Wiki sita baadaye mfadhili wao yuko mahakamani. Fikiria wewe ni kijana wa miaka kumi na saba. Umerudi na kombe, halafu unafungua runinga unaona kampuni iliyoandikwa mgongoni kwenye fulana yako inasomewa madeni.

Kwa hesabu ya kundi letu la kwanza, hapo hadithi ingeisha. Kiwanda kimeanguka, timu imekufa, tukutane peponi. Haikuwa hivyo. Timu 67 ilirudi mwaka uliofuata, 2010, ikawa bingwa tena. Na Michigan leo ndiyo jimbo lenye timu nyingi za FIRST kuliko jimbo lolote la Marekani. Imekuwaje?

Naona sababu mbili, na zote mbili zina somo kwetu.

Ya kwanza: watu wa Michigan walibadilisha mashindano yenyewe kabla paa halijawaangukia. Utaratibu wa zamani ulikuwa hivi: unalipa ada kubwa, unapata shindano moja la kanda kwenye ukumbi mkubwa wa gharama, na roboti unaisafirisha ndani ya kasha la mbao kama mzigo wa bandarini. Msimu wa 2009, yaani wakati huo huo viwanda vinayumba, Michigan ilianza utaratibu mpya wa wilaya. Kwa ada hiyo hiyo timu inapata mashindano mawili badala ya moja, mengi yanafanyika kwenye kumbi za michezo za mashule, na wakati huo roboti mlikuwa mnaifunga kwenye mfuko na kuibeba wenyewe. Wanaofanya vizuri wanakwenda kwenye ubingwa wa jimbo, ambao mwaka huo ulikuwa mjini Ypsilanti. Gharama ya kila mechi ikashuka sana. Timu ya shule ya kawaida, inayofadhiliwa na karakana ya mtaa na duka la vifaa vya ujenzi, ikaweza kupumua. Utaratibu huo ulifanya kazi mpaka kanda nyingine zikauiga: ukanda wa Mid-Atlantic mwaka 2012, kisha New England na kaskazini magharibi ya Pasifiki mwaka 2014. Baadaye hata bunge la jimbo la Michigan likaweka fedha za timu za roboti ndani ya bajeti ya mashule. Yaani mzigo ukagawanywa: kidogo kiwanda kikubwa, kidogo karakana, kidogo serikali, kidogo wazazi na maandazi yao.

Sababu ya pili naipenda zaidi, na inaturudisha Kokomo. Mnawakumbuka TechnoKats na wahandisi wa Delco? Kati ya wahandisi hao walikuwepo wawili, Andy Baker na Mark Koors. Kazi yao ilikuwa Delphi, jioni zao zilikuwa za timu. Baker alikuwa amejulikana hivi kwamba mwaka 2003 alipewa tuzo ya mlezi bora wa timu, tuzo yenye jina la yule yule Woodie Flowers. Kwa miaka mingi walikuwa wanaona kila timu inahangaika na vitu vile vile: giaboksi inayohimili vishindo, gurudumu linalofaa, kitu cha kuunganishia mota. Kila mwaka kila timu inakereza upya kitu ambacho mwenzake alishakikereza. Mwaka 2004 wakaanzisha kakampuni kao hapo hapo Kokomo, wakaunganisha majina yao ya kwanza, wakakaita AndyMark. Kazi: kutengeneza na kuuza giaboksi, magurudumu na vipuri vya roboti za wanafunzi.

Angalia tarehe tena. AndyMark 2004, Delphi mahakamani 2005. Mwaka mmoja tu. Kiwanda kikubwa kilikuwa kimelea timu, timu ikalea ujuzi, na ujuzi ukazaa kiwanda kidogo. Kile kikubwa kilipoanza kuyumba, hiki kidogo kilikuwa kimeshasimama. Leo kijana wa sekondari yoyote ambayo haina kiwanda jirani anaweza kuagiza giaboksi nzuri akaifunga mezani kwake. Sijui nyie, lakini mimi hiyo naiona ni faida kubwa kuliko kombe lolote, na hakuna aliyeipanga kwenye mkataba wa ufadhili.

Kuna mtu ataniambia, "Sawa, lakini hao wote walianza na kiwanda kikubwa. Sisi tusio nacho?" Swali zuri. Kwa hilo twende Arizona.

Mwaka 2004, huko magharibi ya jiji la Phoenix, kulikuwa na shule ya sekondari inaitwa Carl Hayden, shule ya mtaa maskini. Vijana wanne, Oscar Vazquez, Cristian Arcega, Luis Aranda na Lorenzo Santillan, wote wazaliwa wa Mexico na wote hawakuwa na vibali vya kuishi Marekani, pamoja na walimu wao Fredi Lajvardi na Allan Cameron, waliamua kuingia mashindano ya roboti za chini ya maji yaliyofanyika Santa Barbara, California. Walipita kwenye biashara za karibu wakiomba, wakapata jumla ya dola kama 800. Hizo 800 ndizo zilikuwa bajeti. Mwili wa roboti wakatengeneza kwa mabomba ya plastiki, yale yale ya maji. Gundi ya mabomba ilikuwa inanuka vibaya, wakaibatiza roboti jina la Stinky, yaani Mnuko.

Wakajiandikisha kwenye daraja la juu, ambako walikuwepo watu wa vyuo vikuu, MIT wakiwemo, na roboti ya MIT ilikuwa na udhamini wa kampuni ya mafuta ya ExxonMobil. Huko huko mashindanoni boksi la umeme la Mnuko likaanza kuvuja. Walizuia maji yasifike kwenye nyaya kwa kuweka ndani pedi za wanawake zile za kuingiza, kwa sababu hakuna kitu dukani kinachonyonya maji kama hizo. Roboti ikashuka majini, ikafanya kazi. Matokeo yaliposomwa, Carl Hayden wa kwanza, MIT wa pili.

Watu wanapenda kukisimulia kisa hiki kama muujiza: maskini amempiga tajiri. Kimeandikiwa kitabu mwaka 2014 na kutengenezewa filamu mwaka 2015. Lakini mimi nadhani tukikichukua kama muujiza tunapoteza somo. Wale vijana hawakushinda kwa sababu walikuwa na dola 800. Walishinda kwa sababu walilazimika kuwauliza watu, kujaribu vitu vya bei nafuu, na kukijua kila kipande cha mashine yao kwa mikono yao. Kinapovuja, wanajua kinavuja wapi. Na shule yao haikuishia pale: timu hiyo hiyo ya Carl Hayden ilipata tuzo ya juu ya FIRST mwaka 2008, ile ile waliyoipata Chief Delphi mwaka 1997.

Niongeze tu, ili tusiwe watu wa hadithi tamu: kushinda hakukuwapa vibali. Oscar Vazquez alimaliza uhandisi chuo kikuu mwaka 2009, akarudi Mexico kufuata utaratibu wa sheria, akajikuta amefungiwa kurudi Marekani, mpaka mwaka 2010 seneta Dick Durbin alipomsaidia. Akarudi na kujiunga na jeshi. Roboti inafungua milango mingi, lakini siyo yote.

Turudi nyumbani. Mnakumbuka nilisema GM iliingia mahakamani 2009? Mwaka huo huo, kwetu, kiwanda cha matairi cha General Tyre pale Arusha kilisimamisha uzalishaji. Kilikuwa kiwanda cha kujivunia, serikali ilikuwa na hisa nyingi ndani yake, na watu waliamini hakiwezi kufa. Na wenyeji wa hapa jirani wanakikumbuka kiwanda cha zana za kilimo pale Ubungo, UFI, kilichokuwa kinatengeneza majembe. Mzee yeyote wa Manzese atakusimulia. Sasa jiulize: kama miaka ile kungekuwa na timu ya wanafunzi iliyobebwa mzima mzima na kiwanda kimoja kati ya hivyo, leo ingekuwa wapi? Halafu angalia upande wa pili. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, na mpaka leo ukienda Vingunguti utamkuta mtu anakereza kitu. Vidogo vinakufa pia, sikatai, tena vinakufa kila siku. Lakini havifi vyote siku moja.

Na sisi wenyewe tumeshaonja. Msimu uliopita kampuni moja, jina naliweka mfukoni, ilituahidi mota na betri. Ofisa aliyetuahidi alikuwa mtu mwema kabisa. Akahamishwa kituo, na ahadi ikahama naye. Aliyekuja nyuma yake hakuwa na taarifa yoyote, tukabaki tunapigiana simu. Wakati huo huo fundi mmoja wa Gerezani, ambaye hatukumwomba hata shilingi, aliangalia mchoro wetu akasema: "Wadogo zangu, kwa nini mkereze gia za gharama hivi? Chukueni cheni na sproketi za pikipiki, zipo kila kona, zikikatika mnabadilisha dakika kumi." Roboti yetu inatembea kwa cheni ya bodaboda mpaka leo. Bei yake mnaijua.

Kwa hiyo kura yangu ni hii, na naiweka hapa hadharani ili Jumamosi nisipoteze muda wa kikao.

Moja, tusikatae kampuni kubwa. Ikija, karibu. Ila mfadhili mmoja asibebe zaidi ya theluthi ya msimu wetu. Akiondoka tuchechemee, tusianguke.

Mbili, kwa kampuni kubwa tuombe kwanza muda wa mhandisi, hata jioni moja kwa wiki, ndiyo tuombe fedha. Historia yote niliyosimulia hapo juu inasema hivyo. Fedha za Delphi ziliisha, jioni za Baker na Koors zimebaki.

Tatu, kwa mafundi na viwanda vidogo tuende na kitu mkononi. Siyo haki kumwendea mtu anayehangaikia kodi ya fremu ukamwomba bure kila siku. Sisi tunajua kuchora kwa kompyuta, wengi wao wanachora kwa chaki sakafuni. Tuwachoree kazi zao, wao watukereze zetu.

Nne, kila kipande tunachobuni kikafanya kazi, tukichore vizuri na kukiacha kwenye faili la klabu, ili mwaka wa kwanza wajao wasianze sifuri. Nani ajuaye, labda kati yetu wapo akina AndyMark wa Vingunguti.

Tano, roboti tuiguse wenyewe. Mhandisi akija aonyeshe, kisha msumeno aturudishie.

Woodie Flowers alifariki Oktoba 2019. Alikuwa anasisitiza kwamba unaweza kushindana kwa nguvu zako zote na bado ukamtendea mwenzako kiungwana, ukamwazima hata spana yako akiwa ndiye mpinzani wako wa mechi inayofuata. Nawaomba kundi la kwanza na kundi la pili tulikumbuke hilo Jumamosi, maana kikao kilichopita kilikaribia kuwa ngumi.

Haya, nakwenda kupanga foleni ya chakula kabla wali haujaisha. Wenye maoni yao karibuni, hasa nyie wa mwaka wa nne mnaojifanya mko bize na project. Kikao ni saa nne asubuhi, karakana ya mitambo. Njooni na hoja, na kama kuna anayemjua mtu mwenye mashine ya kukatia bati, aje na namba yake ya simu pia.